Wilbur Wright na Vibawa vya Bati

Jina la Wilbur Wright linapotajwa, aghalabu fikira za watu hukimbilia Desemba 17, 1903, siku ambayo chombo chenye injini kilimbeba binadamu angani juu ya mchanga wa Kitty Hawk, katika jimbo la North Carolina, Marekani. Picha ya siku hiyo imechapishwa vitabuni mara zisizohesabika, nayo imeyafunika mengi yaliyoitangulia. Miaka miwili kabla ya hapo, Wilbur na mdogo wake Orville walishinda majuma kadhaa ndani ya duka lao la baiskeli wakikata vipande vya bati, kuvikunja, kuvigonga kwa nyundo na kuvipulizia upepo ndani ya sanduku la mbao. Vilikuwa vipande vidogo vya kutosha mkononi. Hata hivyo, anayetaka kuelewa ni kwa nini ndege ya mwaka 1903 ilipaa ilhali za watu wengine zilianguka, hana budi kuanzia hapo.

Wilbur alizaliwa Aprili 16, 1867, karibu na kijiji cha Millville, jimbo la Indiana. Babake, Milton Wright, alikuwa mhubiri ambaye baadaye alipanda cheo akawa askofu, na kwa sababu ya kazi hiyo jamaa nzima ilihamahama kabla ya kutulia katika mji wa Dayton, Ohio. Mamake, Susan, alikuwa binti wa mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi, naye alikuwa hodari wa kushika nyundo na msumeno kuliko mumewe. Wanawe walipoharibikiwa na kitu, walimwendea mama. Askofu aliwapa vitabu. Ustadi wa mikono ulitoka kwa mama.

Katika ujana wake Wilbur alikuwa mwanafunzi hodari na mwanamichezo, na ilitarajiwa kwamba angejiunga na Chuo Kikuu cha Yale. Majira ya baridi ya mwaka 1885 kuingia 1886 yaliibadilisha ramani hiyo yote. Wakicheza mpira wa magongo kwenye barafu, gongo lilimpiga usoni likamng'oa meno ya mbele. Jeraha lenyewe lilipona, lakini moyo haukupona upesi. Alijifungia nyumbani kwa miaka kadhaa, akisoma vitabu vya maktaba ya babake na kumuuguza mamake aliyekuwa akidhoofishwa na kifua kikuu. Susan Wright aliaga dunia Julai 4, 1889. Wilbur hakuwahi kwenda Yale wala chuo kingine chochote. Yeye na Orville, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka minne, walifungua kwanza biashara ya uchapishaji, kisha mwaka 1892 duka la baiskeli, na kufikia mwaka 1896 walikuwa wakiunda baiskeli zao wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1896 ndipo habari ya kifo ilipowafikia kutoka Ujerumani. Otto Lilienthal, mhandisi aliyekuwa ameruka mara nyingi kwa mabawa aliyojitengenezea, alianguka Agosti 9 na kufariki siku iliyofuata. Lilienthal hakuwa mrukaji tu. Alikuwa amepima kwa miaka mingi nguvu ambayo upepo huipa bawa lililobinuka, na akachapisha jedwali la vipimo hivyo. Jedwali hilo ndilo lililokuwa urithi wake mkubwa kwa waliokuja nyuma yake. Mei 30, 1899, Wilbur aliiandikia taasisi ya Smithsonian mjini Washington barua ya kuomba maandishi yote yaliyokuwapo kuhusu urukaji. Alipoyapata aliyasoma kwa makini, na jedwali la Lilienthal akaliamini.

Imani hiyo ilimgharimu. Katika mwaka 1900 ndugu hawa walipeleka Kitty Hawk glaida yao ya kwanza, yaani ndege isiyo na injini inayoelea kwa upepo peke yake. Haikuinua uzito waliotarajia. Wakadhani kasoro ilikuwa ni udogo wa mabawa, hivyo mwaka 1901 wakarudi na glaida kubwa zaidi, yenye upana wa mita 6.7 kutoka ncha hadi ncha na eneo la mabawa la futi 290 za mraba. Hakuna aliyekuwa amewahi kuruka na glaida kubwa kuliko hiyo. Mvua ikawanyeshea, mbu wakawavamia kwa makundi, na chombo chenyewe kikatoa takribani thuluthi moja tu ya nguvu ya kuinua iliyoahidiwa na hesabu. Wilbur alirejea Dayton mwezi wa Agosti akiwa amevunjika moyo. Ndani ya garimoshi alimwambia mdogo wake kwamba binadamu huenda akaruka siku moja, lakini wao hawangekuwa hai kuishuhudia siku hiyo.

Pengine mambo yangeishia hapo, kama si Octave Chanute. Mhandisi huyu mzee, aliyekuwa amekusanya habari za urukaji kutoka pande zote za dunia, alimwalika Wilbur kuhutubia chama cha wahandisi mjini Chicago. Wilbur alisitasita, dada yao Katharine akamsukuma akubali. Septemba 18, 1901, alisimama mbele ya wahandisi hao akiwa amevaa nguo alizoazima kwa Orville, aliyekuwa mpenda mavazi kuliko yeye, na akaeleza yale yaliyowapata Kitty Hawk. Katika hotuba hiyo alitia shaka hadharani juu ya vipimo vilivyokuwa vikitegemewa na kila mtu, vikiwemo vya Lilienthal.

Hapo ndipo dhamiri ilipoanza kusumbua. Lilienthal alikuwa kaburini, hawezi kujitetea. Alikuwa mhandisi aliyesomea kazi yake na aliyeilipia kwa uhai wake. Aliyekuwa akimpinga ni muuza baiskeli asiye na shahada, ambaye hoja yake yote ilikuwa kwamba glaida yake haikuinuka vizuri. Je, kama kosa lilikuwa lake mwenyewe? Hotuba ilikuwa ikiandaliwa kuchapishwa, na neno likishachapishwa halirudi. Ndugu hawa wakaamua kupima wenyewe kabla ya kusema zaidi, na baadhi ya shutuma kali zikaachwa nje ya hotuba iliyochapishwa.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kuchekesha kidogo. Walichukua baiskeli, wakafunga mbele ya usukani gurudumu la tatu lililolazwa na lililoweza kuzunguka kwa urahisi. Juu ya gurudumu hilo wakasimamisha bapa lililobinuka mfano wa bawa, na mahali pengine kwenye duara lilelile bapa lisilobinuka ambalo upepo ungelipiga moja kwa moja. Kisha wakaendesha baiskeli kwa kasi barabarani. Kwa mujibu wa jedwali la Lilienthal, mabapa hayo mawili yangelingana nguvu wakati bawa lilipoinamishwa digrii 5 tu. Hayakulingana mpaka pembe ilipofika digrii 18. Shaka ikazidi. Hata hivyo, upepo wa barabarani hauna adabu. Huja na kuondoka upendavyo. Walihitaji upepo wanaoutawala.

Walianza na sanduku la mbao lililokuwa la wanga, kisha wakaunda kubwa zaidi, lenye urefu wa mita 1.8 na uwazi wa sentimita 40 kila upande, likiwa na kioo juu ili waweze kuchungulia ndani. Feni iliyozungushwa na injini ya gesi ya karakana yao ilisukuma hewa ndani yake kwa kasi ya takribani kilomita 43 kwa saa. Ifahamike kwamba halikuwa sanduku la kwanza la namna hiyo duniani, ingawa husemwa hivyo mara kwa mara. Mwingereza Francis Wenham alikuwa na lake mwaka 1871, na mwenzake Horatio Phillips alipima mabawa yaliyobinuka na kuyapatia hataza mwaka 1884. Tofauti ilikuwa katika kile ambacho ndugu wa Dayton walitaka kujua, na katika subira waliyokuwa nayo.

Subira hiyo ilijaribiwa mara moja. Feni haitoi upepo ulionyooka; hutoa upepo unaojizungusha kama maji yanayoingia shimoni. Iliwabidi kuweka vizuizi vya kuunyoosha, na ilichukua karibu mwezi mzima kabla ya kuyaamini majibu waliyoyapata. Waligundua kwamba hata mtu kusogea chumbani kulitosha kuyapotosha matokeo. Ikawa sheria kwamba mtazamaji awe mmoja tu, asimame mahali palepale kila mara, na hakuna kitu kikubwa chumbani kihamishwe wakati kipimo kinaendelea. Watu wengi wenye maabara nzuri kuliko yao hawakuwa wamejali jambo dogo kama hilo.

Ndipo kazi ya vibawa ikaanza. Walitumia bati la chuma cha pua ambalo unene wake haukufika milimita moja. Walikata umbo kwa mkasi wa bati, wakalibinua taratibu kwa nyundo, wakasawazisha kingo kwa tupa. Palipohitajika ukingo wa mbele ulio mnene, kama ulivyo katika bawa la ndege, waliongeza lehemu au nta kisha wakaichonga hadi ikalainika. Ubora wa njia hii ulikuwa katika wepesi wake. Glaida nzima ilimaliza miezi kuundwa na kusafirishwa hadi pwani, na mrukaji aliyekosea angeweza kufa kama Lilienthal; kibawa cha bati kilikamilika kwa muda mfupi na kilipokosewa kilitupwa tu. Katika majaribio ya awali walitengeneza kati ya vibawa 150 na 200, na kati ya hivyo wakachagua takribani 50 kwa upimaji wa utaratibu.

Kila kibawa kilitengenezwa ili kijibu swali moja. Kimoja kilikuwa kifupi na kipana, kingine kirefu na chembamba, eneo likiwa ni lilelile. Vingine vilitofautiana kwa kina cha mbinuko: kimoja kilibinuka sehemu moja kwa kumi na mbili ya upana wake, kingine moja kwa ishirini. Vilikuwapo vya ncha za mviringo na vya ncha za mraba, vilivyopangwa viwili viwili na hata vitatu vitatu kimoja juu ya kingine. Kilikuwapo pia kimoja chenye umbo la bawa la Lilienthal mwenyewe, maana haki ilitaka apimwe kwa bawa lake, asipimwe kwa bawa la mtu mwingine.

Chombo cha kupimia kilistaajabisha kuliko vibawa. Wilbur na Orville walikiunda kwa nyembe kuukuu za msumeno wa kukatia chuma na waya wa spoku za baiskeli, vitu vilivyokuwa vimezagaa dukani. Kibawa kilisimamishwa wima juu ya fremu hiyo ili nguvu yake ya kuinua ivute upande badala ya juu. Chini yake palikuwa na vibapa vidogo vilivyoukabili upepo uso kwa uso. Kibawa kilivuta, vibapa vikakinza, na fremu ikageuka mpaka nguvu mbili zikalingana. Mshale ukaonyesha pembe kwenye kipimapembe. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kibawa na vibapa vilipigwa na upepo mmoja, hivyo kasi ya upepo ikibadilika kidogo, uwiano haukubadilika. Hawakuhitaji kujua kasi kamili ya upepo wala kutegemea tarakimu ya mtu yeyote aliyewatangulia. Chombo cha pili kilipima ukinzani wa hewa kwa njia inayofanana. Mtu anayevitazama vyombo hivi bila kujua kazi yake angeweza kuvichukulia kuwa takataka za karakana.

Majibu yalikuja mfululizo katika miezi ya Novemba na Desemba 1901, na yalimshangaza Wilbur mwenyewe. Jedwali la Lilienthal, lilipopimwa kwa bawa lenye umbo la Lilienthal, lilikaribia sana ukweli. Marehemu hakuwa amekosea kama walivyodhani. Kosa kubwa lilikuwa katika tarakimu kongwe iliyohusishwa na Mwingereza John Smeaton wa karne ya 18, iliyotumiwa kukadiria msukumo wa hewa juu ya bapa. Vitabu viliiandika kuwa 0.005. Akina Wright, kwa kuzichambua data za glaida zao, waliikadiria kuwa takribani 0.0033. Tarakimu hiyo moja iliondoa thuluthi nzima ya nguvu waliyoitegemea, nayo ilikuwa imerithishwa kutoka kitabu hadi kitabu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kosa lililobaki lilikuwa lao wenyewe. Walikuwa wamelichukua jedwali lililopimwa kwa bawa la umbo moja na kulitumia kwa mabawa ya umbo jingine. Vibawa vya bati vilionyesha waziwazi kwamba bawa refu na jembamba huinua vizuri kuliko fupi na pana lenye eneo sawa. Mabawa ya glaida ya mwaka 1901 yalikuwa na urefu wa mara tatu hivi ya upana wake. Kibawa nambari 12, kilichoonyesha ufanisi bora kuliko vyote, kilikuwa na urefu wa mara sita ya upana, na mbinuko wa sehemu moja kwa ishirini.

Wilbur hakulificha hilo. Alimwandikia Chanute akikiri kwamba Lilienthal alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko walivyokuwa tayari kukubali hapo awali, na akamtumia majedwali yake mapya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, wasema Waswahili. Ila huyu alikuwa keshampinga mtu mbele ya wahandisi wa Chicago, na kukiri baada ya hapo si kazi nyepesi. Chanute alifurahi mno hata akajitolea kumtafutia mfadhili tajiri ili utafiti uendelee. Wilbur akakataa kwa upole. Desemba ilikuwa imefika, baiskeli za msimu uliofuata zilikuwa hazijaundwa, na duka ndilo lililowalisha. Sanduku la upepo likanyamaza baada ya miezi miwili hivi tu ya kazi. Laiti lingeendelea, haijulikani lingefichua mangapi zaidi; lakini yaliyokwisha kupatikana yalitosha.

Glaida ya mwaka 1902 ilichorwa kutokana na vibawa. Mabawa yake yalikuwa na urefu wa mita 9.8 na upana wa mita 1.5, yaani uwiano wa zaidi ya sita kwa moja. Eneo lake halikuizidi ile ya mwaka uliotangulia ila kidogo tu, lakini iliinuka kama walivyokokotoa. Kati ya Septemba na Oktoba waliruka nayo mamia ya mara, mruko mrefu zaidi ukifikia mita 190 kwa sekunde 26. Tatizo la kukigeuza chombo bila kukiangusha, ambalo Wilbur alikuwa amelianzia mwaka 1899 kwa kuyasokota mabawa ya tiara, nalo lilitatuliwa kwa kuongeza usukani wa nyuma unaosogea.

Majedwali ya vibawa yalitoa huduma nyingine ambayo wasimulizi wengi huipita haraka. Ndege yenye injini huhitaji rafadha, lile panga linalozunguka na kuisukuma ndege mbele. Ndugu hawa walitumaini kukuta nadharia yake katika vitabu vya meli. Hawakukuta kitu cha kuwafaa. Baada ya mabishano makali, ambayo majirani waliyazoea, walifikia uamuzi kwamba rafadha ni bawa linalosafiri kwa kuzunguka. Basi kila sehemu yake ingeweza kukokotolewa kutokana na vipimo vya sandukuni. Walichonga kwa mkono rafadha mbili za mbao, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 2.6. Wahandisi wa baadaye waliozipima nakala zake walikuta kwamba ziligeuza karibu robo tatu ya nguvu ya injini kuwa msukumo. Hilo ni jambo kubwa, maana injini yenyewe, iliyoundwa na fundi wao Charlie Taylor, ilikuwa na nguvu za farasi 12 tu.

Ya Desemba 1903 yanajulikana. Tarehe 14 Wilbur alishinda kura ya sarafu, akainua pua ya ndege kupita kiasi, ikaanguka mchangani. Tarehe 17 ilikuwa zamu ya Orville: sekunde 12, mita 37. Kabla ya siku kuisha, Wilbur aliruka mita 260 kwa sekunde 59. Kisha upepo ukaipindua ndege na kuivunja, nao wakarudi nyumbani kwa sikukuu. Kufikia Oktoba 5, 1905, Wilbur aliweza kuzunguka angani karibu na Dayton kwa dakika 39, akiwa amesafiri kilomita 39.

Ulimwengu ulichelewa kuamini. Ni mpaka Agosti 8, 1908, karibu na mji wa Le Mans, Ufaransa, ambapo Wilbur aliruka mbele ya umati, na waliokuwa wamemwita mwongo magazetini wakamwomba radhi. Kisha zikaja kesi za hataza. Ni vigumu kumtetea Wilbur katika awamu hii ya maisha yake. Mtu aliyekuwa amepokea barua na majedwali ya wengine bila malipo alitumia miaka yake ya mwisho mahakamani akidai kwamba karibu kila aliyeruka alikuwa amemwibia, na urafiki wake na Chanute ukaharibika kwa sababu hiyo. Alikuwa na haki kisheria katika mengi, lakini kesi zilimchosha, na kazi ya kubuni ikakaribia kusimama.

Aliugua homa ya matumbo katika majira ya kuchipua ya mwaka 1912 na kufariki nyumbani Dayton Mei 30, akiwa na umri wa miaka 45, miaka 13 kamili tangu siku aliyoandika barua kwa Smithsonian. Hakuoa. Babake mzee alikuwa hai kumzika, na Orville akaishi hadi mwaka 1948. Vibawa kadhaa vya bati vimehifadhiwa katika taasisi ya Franklin mjini Philadelphia, vikiwa bado na alama za nyundo na tupa.

Septemba mwaka huo wa 1912, jarida la chama cha warukaji cha Marekani lilichapisha makala ambayo Wilbur aliiacha. Haikuhusu ndege zake wala kesi zake. Ilimhusu Otto Lilienthal, na humo alimtaja kuwa mkubwa kuliko wote waliolishughulikia suala la kuruka katika karne ya 19.